Paka aliyelamba ukuta: uchambuzi wa kisa cha upungufu wa damu, Nzuguni, Dodoma

Paka dume, umri miaka mitatu, hajahasiwa, kilo 3.2. Anaishi kwenye nyumba ya pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande wa Nzuguni, pamoja na paka jike wawili, mbwa mmoja, mbuzi kumi na kuku wa kienyeji. Kazi yake ni panya, maana stoo ya nyumba hiyo ina magunia ya mtama na alizeti. Mwezi ni Machi, mvua zinaelekea mwisho. Kisa hiki kimepangwa kwa ajili ya kufundishia, kwa kuunganisha mambo yanayokutwa pamoja kwenye nyumba za namna hii. Vipimo na dozi ni vile vinavyotumika kweli.

Analetwa kliniki Ijumaa asubuhi ndani ya kikapu kilichofunikwa khanga.

"Shikamoo, mama. Mgonjwa wetu ana nini?"

"Marahaba, mwanangu. Huyu kaacha hata maziwa, ila analamba ukuta wa jikoni kama mbuzi anayetafuta chumvi."

"Tangu lini?"

"Jumapili."

Kisa kinaanzia hapo hapo kwenye ukuta. Paka ambaye seli zake nyekundu za damu zinavunjika kwa kasi mara nyingi huanza kulamba au kula visivyoliwa: udongo, mchanga, saruji, majivu. Watu wengi hudhani ni minyoo au njaa ya chumvi, wakasubiri. Ukimwona paka analamba ukuta, mfungue mdomo saa hiyo hiyo umtazame fizi, tena nje kwenye mwanga wa jua, maana taa ya ndani hudanganya. Fizi za paka mzima ni za waridi. Ukizibonyeza kwa kidole zinapauka, na ukiachia rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Za huyu zilikuwa nyeupe kama karatasi, hata hakukuwa na rangi ya kurudi. Kwenye kaakaa na ndani ya masikio kulikuwa na umanjano hafifu.

Siku tano za nyumbani

Tangu Jumapili hadi Ijumaa paka huyu alipewa vitu vitatu. Kila kimoja kilitolewa kwa nia njema na kila kimoja kilimrudisha nyuma.

Jumanne alichomwa sindano ya penisilini iliyonunuliwa duka la dawa za mifugo. Penisilini na ndugu zake, amoksilini ikiwemo, huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wa seli. Bakteria anayeshukiwa hapa, Mycoplasma haemofelis, hana ukuta wa seli kabisa. Ungemchoma penisilini mwezi mzima, yeye angeendelea kukaa juu ya seli nyekundu kama vile hakuna kilichotokea. Zamani aliitwa Haemobartonella felis, na vitabu vya zamani bado vina jina hilo, kwa hiyo anayekutana nayo yote mawili ajue ni mdudu mmoja.

Jumatano alipakwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, ya kundi la saipametrini, iliyochanganywa kwa kukadiria kwa macho. Kosa hili ni baya kuliko yote matatu, na katika mkoa wa wafugaji kama Dodoma ni rahisi kulifanya kwa sababu chupa hiyo ipo karibu kila boma. Ini la paka lina uwezo mdogo sana wa kuvunja dawa za kundi hili, permetrini ikiongoza kwa ubaya. Mbwa hupakwa permetrini na akaendelea kubweka, paka aliyelala ubavuni kwa mbwa huyo huyo akaanza kutetemeka. Dalili zake ni masikio na ngozi ya mgongo kuchezacheza, udenda, kuyumba, halafu degedege. Huyu alifika akiwa na kuchezacheza kwa masikio tu. Udhaifu huo huo wa ini ndio unaofanya parasetamoli imuue paka: nusu ya kidonge cha miligramu 500 inatosha kabisa. Kwa hiyo daktari aliuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, kama kuna aliyempa dawa ya homa au ya maumivu ya binadamu. Parasetamoli nayo huvunja seli nyekundu, ila fizi huwa za kahawia kama tope na uso huvimba. Hakuna aliyempa.

Alhamisi alipewa dawa ya maji ya kuongeza damu, yenye madini ya chuma, ndani ya maziwa. Damu inaweza kupotea kwa njia mbili. Ikitoka nje ya mwili, chuma hutoka nayo. Seli zikivunjiwa ndani ya mwili, chuma kinabaki humo humo na mwili unakitumia tena, kwa hiyo kuongeza hakusaidii sana. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba chuma hushikana tumboni na dawa ambayo paka huyu anaihitaji, doksisaiklini, sehemu ya dawa ikapita bure. Maziwa nayo yana tabia hiyo kwa kiasi chake.

Hesabu ya viroboto

Kitana cha chawa, kile chenye meno ya karibu, kilipitishwa kuanzia shingoni hadi mkiani kwa robo saa. Kila kilichonaswa kilizamishwa kwenye bakuli la maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo, kwa sababu kiroboto akitupwa kwenye maji matupu huelea na kuruka tena. Walipatikana viroboto 64. Pamoja nao zilitoka punje nyeusi kama unga wa kahawa. Ziliwekwa juu ya karatasi ya chooni nyeupe iliyolowanishwa, na baada ya nusu dakika kila punje ikazungukwa na duara jekundu la kutu. Hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka iliyokauka. Vumbi la Dodoma haliachi duara jekundu, kwa hiyo kipimo hiki kinaweza kufanywa na yeyote nyumbani.

Ndani ya sikio la kushoto kulikuwa na kupe wawili wa kahawia, aina ile ya mbwa. Paka hujilamba sana na kuwatoa kupe wengi mwenyewe, kwa hiyo wawili walioonekana hawana maana kwamba walikuwa wawili tu.

Hesabu yenyewe ndiyo inayoamua kisa. Kiroboto jike mmoja wa paka hunywa takriban mikrolita 13.6 za damu kwa siku, kwa hiyo viroboto jike 72 humaliza mililita moja. Paka wa kilo 3.2 ana kama mililita 200 za damu. Hata tukisema viroboto wote 64 ni majike, na kwamba kitana kimekosa wengine wengi tu kama hao, upotevu ni chini ya mililita mbili kwa siku. Dume mzima huufidia huo bila shida. Mtoto wa paka wa nusu kilo ana mililita 30 tu, na huyo viroboto peke yao wanaweza kumuua. Dume wa kilo 3.2 aliyepauka namna hii ndani ya wiki ana kitu kingine kinachovunja damu kwa ndani. Umanjano unasema hivyo hivyo, na bandama iliyovimba ikapapasika kwa vidole chini ya mbavu za kushoto inasema hivyo pia.

Vipimo vingine vilikuwa hivi: joto nyuzi 39.8 (la kawaida ni 38 hadi 39.2), mapigo ya moyo 220 kwa dakika, pumzi 52 kwa dakika akiwa ametulia. Mkojo ulikuwa wa manjano iliyokolea bila wekundu. Kwenye mashavu na miguu ya mbele kulikuwa na makovu ya ugomvi, mapya na ya zamani. Karibu na njia ya haja kubwa kulikuwa na vipande vyeupe kama punje za mchele vikitembea. Hao ni tegu wa Dipylidium, ambaye paka humpata kwa kumeza kiroboto wakati wa kujilamba.

Damu chini ya darubini

Damu ilichukuliwa tone kwa tone pembeni mwa sikio. Mrija mwembamba wa kioo ulijazwa, ukazibwa upande mmoja na kuzungushwa kwenye mashine kwa dakika tano. Ulipotoka, safu nzima ilikuwa na urefu wa milimita 60 na sehemu nyekundu milimita 8 tu. Ukigawanya unapata asilimia 13. Kiwango hiki cha seli nyekundu, ambacho maabara nyingi huandika PCV, hutakiwa kiwe kati ya 24 na 45 kwa paka mzima. Maji ya juu ya safu, ambayo kwa paka mzima karibu hayana rangi, yalikuwa ya manjano.

Tone jingine liliwekwa kwenye kioo cha darubini na kuchanganywa na tone la maji ya chumvi ya dripu. Seli zilishikana vijimafungu kama mchanga. Kioo kikashikwa kwenye kiganja mpaka kikapata joto la mwili, vijimafungu vikaachana. Kushikana kwa baridi kunakoisha kwa joto huonekana sana kwenye ugonjwa huu, na tutarudi hapo kwenye suala la predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili.

Kisha ikaja slaidi yenyewe, yaani damu iliyotandazwa kwenye kioo cha darubini, na hapa maabara nyingi hukosea bila kujua. Bakteria huyu amekaa juu ya ngozi ya seli nyekundu, hajaingia ndani. Damu ikikaa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, anabanduka na kuelea, na slaidi itakayotengenezwa mchana kutoka chupa ya asubuhi inaweza kuonekana safi kabisa. Slaidi itengenezwe pale pale kutoka sikioni. Iwe nyembamba: ile nene ya kutafutia malaria hupasua seli nyekundu, na bakteria wakikosa pa kukaa hutawatofautisha na uchafu. Ikaushwe hewani mbali na dirisha, kwa sababu upepo wa Dodoma unaleta vumbi lenye ukubwa ule ule wa kitu unachokitafuta. Izamishwe kwenye methanoli dakika mbili hadi tatu, halafu kwenye rangi ya Giemsa asilimia 10 iliyochujwa siku hiyo, kwa dakika 20 hadi 30. Giemsa haina taabu ya kupatikana, vituo vya afya vinavyopima malaria kwa darubini huwa nayo.

Kwenye lenzi ya 100 yenye mafuta, ukitafuta ukingo mwembamba ambako seli zimetandazika moja moja, vilionekana vidoa vya buluu iliyoiva pembezoni mwa seli nyekundu, vingine viwili au vitatu vimefuatana kama shanga. Jinsi ya kuvitenganisha na mabaki ya rangi ni kuchezesha kirekebishi cha lenzi taratibu. Mabaki ya rangi hung'aa, hukaa juu ya usawa wa seli na huonekana hata kwenye nafasi tupu kati ya seli. Bakteria huonekana kwenye usawa mmoja na seli, na amefuata mviringo wake. Kulikuwa pia na seli nyekundu kubwa zenye rangi ya ubuluu, yaani changa, ishara kwamba uboho umeshaamka na unatengeneza damu mpya. Uboho huchukua siku tatu hadi tano kuitikia, kwa hiyo zingekosekana Jumatatu isingekuwa ajabu.

Slaidi tupu haimwondoi mtuhumiwa. Idadi ya bakteria kwenye damu hupanda na kushuka, asubuhi wakajaa na jioni wasionekane, na darubini huwakosa zaidi ya nusu ya wagonjwa walio nao. Kipimo cha uhakika ni PCR, kinachotafuta chembe za urithi za bakteria kwenye damu. Kwa mtu wa Dodoma njia ya kuulizia ni Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na sampuli yake ni damu ya chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, mililita moja, ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Kuotesha kwenye maabara hakufai, bakteria huyu haoti. Lakini kusubiri majibu ndipo uanze tiba kwa paka mwenye asilimia 13 ni kumwacha afe. Sampuli inachukuliwa, tiba inaanza siku hiyo hiyo.

Kwa nini siyo ndigana

Mwenye mifugo Dodoma akisikia "kupe" na "damu" hufikiria ndigana, na mbwa akiumwa hufikiria babesia. Swali hilo ni la haki. Kimelea wa ndigana kali ya ng'ombe, Theileria parva, hana biashara na paka. Babesia felis wa paka anajulikana zaidi Afrika Kusini, na huyo huishi ndani ya seli, hakai juu yake. Cytauxzoon felis, muuaji wa paka ndani ya siku chache, ni wa Marekani, na kupe wake mkuu huko ni Amblyomma americanum. Anayesoma kurasa za Kimarekani kuhusu kupe na paka asitishike na huyo hapa. Sindano ya diminazini iliyozoeleka kwa ng'ombe haina kazi kwa mikoplazima, yaani bakteria wetu huyu, na dozi yake kwa mnyama mdogo ni rahisi kupita kiasi ikaharibu ubongo. Ndigana baridi inafanana kidogo kwa kuwa nayo hutibiwa kwa kundi la tetrasaiklini, na wapo wanaomchoma paka OTC, yaani oksitetrasaiklini, ya asilimia 20. Dawa ni ya ukoo unaotakiwa, lakini kwa kilo 3.2 dozi ni sehemu tatu tu za kumi za mililita, inauma vibaya, na ukizidisha sehemu mbili tu za kumi za mililita umeshaharibu hesabu.

Kuhusu jinsi alivyoambukizwa, viroboto ndio wanaosemwa mbele. Chembe za urithi za mikoplazima zimekutwa ndani yao, ingawa majaribio ya kuwaambukiza paka kwa kuumwa na viroboto yamefanikiwa kwa shida. Madume yanayozurura na kupigana ndiyo yanayoongoza kuugua, na meno yenye damu ni njia inayoeleweka. Damu ya kuongezewa ni njia ya uhakika kabisa. Paka huyu ana viroboto na ana makovu, kwa hiyo tiba yake inagusa vyote viwili.

Tiba, siku kwa siku

Kitu cha kwanza kilikuwa kumwogesha. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mara mbili, kuondoa saipametrini kwenye manyoya, akafutwa haraka na kufungwa taulo kavu kwa sababu paka asiye na damu hupoa upesi. Masikio yaliacha kuchezacheza kufikia jioni. Yangeendelea hadi mwili mzima angehitaji diazepamu kwenye mshipa.

Swali gumu la siku hiyo lilikuwa kuongeza damu au kutoongeza. Chini ya asilimia 12 hadi 15, paka anayehema kwa shida au asiyeweza kusimama anahitaji damu. Huyu alikuwa 13, anahema haraka, lakini anasimama na anageuza kichwa akiitwa. Mama alijitolea paka jike mmoja wa nyumbani. Daktari alikataa kwa sababu mbili nzito. Jike huyo anaishi na viroboto hao hao na anaweza kuwa amebeba bakteria bila dalili. Pili, paka wana makundi ya damu A, B na AB, na paka wa kundi B ana kinga kali ya asili dhidi ya A tangu udogoni. Mililita chache za kundi lisilofaa zinaweza kumuua mezani, hata kama ni mara yake ya kwanza kuongezewa. Bila kupima kundi au kuchanganya damu zao kwenye kioo, mtu haongezi. Ikilazimu, mtoaji hutoa si zaidi ya mililita 10 hadi 12 kwa kilo ya uzito wake, na kila mililita 2 kwa kilo ya mgonjwa hupandisha kiwango kwa takriban asilimia moja. Uamuzi ulikuwa: abaki kliniki, kipimo kirudiwe kila siku, akishuka hadi 11 atafutwe mtoaji kutoka nyumba isiyo na viroboto.

Dripu kubwa haikuwekwa. Maji mengi huzidisha wepesi wa damu na kuuelemea moyo ambao tayari unakimbia. Alipewa mililita 30 chini ya ngozi, taratibu, na sahani ya perege aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu nacho huvunja seli nyekundu za paka, hata kikiwa mchuzi tu.

Dawa yenyewe ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kilo kwa siku, siku 28. Kwake ni miligramu 32. Kapsuli ya binadamu ya miligramu 100, ya bei nafuu katika duka la dawa lolote, inafunguliwa kwenye mililita 10 za maji yaliyochemshwa yakapoa, inatikiswa, na mililita 3.2 zinavutwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Zinaingizwa pembeni mwa mdomo, nyuma ya jino refu, kidogo kidogo. Inayobaki inamwagwa, kwa kuwa dawa hii ikikaa kwenye maji inaharibika. Mara tu baada ya dozi anapewa maji mililita 6 kwa bomba jingine. Hatua hiyo ya maji ndiyo wengi huiruka. Doksisaiklini ya kapsuli ina tindikali, na ikisimama kwenye koromeo la paka inalichoma mpaka kovu linabana njia ya chakula. Paka akapona damu, akafa kwa njaa. Kapsuli kavu au kidonge kikavu hakipewi paka hata siku moja. Maziwa, saa mbili kabla au baada. Dawa ya chuma ilisimamishwa.

Predinisoloni haikuanzishwa. Hutolewa pale mwili wenyewe unaposhambulia seli nyekundu kwa ukali na kiwango kinaendelea kuanguka. Seli za huyu ziliachana kwenye joto la mwili, kwa hiyo antibiotiki ilipewa nafasi kwanza.

Siku ya 2 kiwango kilikuwa 12. Ni siku ngumu kwa wote, lakini kushuka kwa nukta moja ndani ya saa 24 za kwanza kunatarajiwa. Siku ya 3, 12 tena, na homa imekwisha. Siku hiyo, saa 48 baada ya kuogeshwa, alipakwa fipronili, dawa ya viroboto, ile ya paka, mililita 0.5 ya asilimia 10, kwenye ngozi ya kisogo asikofikia ulimi. Kabla ya hapo ni kitana tu, mara tatu kwa siku. Siku ya 5, 15, akaruhusiwa kurudi nyumbani na kidonge cha tegu cha prazikwanteli kikiwa kimeshatolewa. Siku ya 7, 18. Siku ya 14, 25.

Nyumba

Kiroboto mzima unayemwona juu ya paka ni kama sehemu moja ya ishirini ya viroboto wa nyumba hiyo. Jike hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, na mayai hayanati, yanadondoka popote paka anapolala. Funza wake hukimbia mwanga na hufa kwenye hewa kavu. Hii ni habari njema kwa Dodoma, na inasema wazi pa kupiga na pa kuacha. Katikati ya ua unaopigwa na jua la saa saba hakuna funza, kwa hiyo dawa inayomwagwa pale inapotea. Wapo chini ya magunia ya stoo, nyufa za sakafu ya udongo jikoni karibu na mtungi wa maji, uvungu wa kitanda, na kona wanapolazwa vitoto vya mbuzi usiku. Mbuzi hubeba viroboto wa aina ya paka, na anayesafisha nyumba bila kuwagusa mbuzi atayaona matokeo ndani ya mwezi. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, unyevu unaongezeka na viroboto nao, ndiyo maana kisa hiki ni cha Machi.

Kazi ilifanywa kwa siku moja, wanyama wote na nyumba yote. Magunia yalitolewa, yakakung'utwa na kuanikwa juani. Mikeka na matandiko yakaanikwa siku tatu mfululizo, ya nguo yakafuliwa kwa maji ya moto. Vumbi la stoo na jikoni lilizolewa na kuchomwa. Nyufa za sakafu zilimwagiwa maji yanayochemka, halafu zikazibwa kwa udongo uliokandwa. Stoo ilipuliziwa saipametrini kwa kipimo cha kibandiko, paka wote wakiwa nje hadi ilipokauka kabisa. Vitoto vya mbuzi vikahamishiwa banda lao. Paka jike wawili walipakwa fipronili, mbwa akapakwa ya uzito wake.

Kuku nao walikaguliwa. Kwenye upanga na kope za wawili kulikuwa na viroboto weusi wadogo waliojishikiza hawaruki. Huyo ni kiroboto wa kuku, Echidnophaga gallinacea, na hupenda pia ukingo wa masikio ya paka. Habanduki kwa kitana. Alipakwa mafuta mazito ya mgando, akakosa hewa, na vifaranga wakahamishwa kutoka jikoni.

Siku ya 17 mtoto wa nyumba alipiga simu: viroboto wamerudi, dawa ni feki. Simu hiyo hupigwa karibu kila mara, na watu wengi hapo huirudia saipametrini juu ya paka. Dawa haikuwa feki. Funza aliyekwishajifunga kwenye kifuko chake hafikiwi na dawa yoyote ya kupulizia, na anaweza kusubiri humo kwa miezi. Mtikisiko wa miguu, joto na pumzi ya mnyama ndivyo humwambia atoke. Walioonekana ni waliotoka kwenye vifuko, wakaruka juu ya paka mwenye dawa, na wangekufa ndani ya siku moja au mbili. Agizo lilikuwa kufagia stoo na jikoni kila siku badala ya kukwepa, ili watoke upesi, na kurudia fipronili siku ya 30.

Kwenye simu hiyo hiyo ilijulikana kwamba dozi mbili zimerukwa "kwa sababu anacheza tayari". Paka mwenye asilimia 25 anacheza kweli, na bakteria bado wapo. Siku mbili ziliongezwa mwishoni.

Watu wa nyumba hiyo

Kinyesi cha kiroboto kinaweza kuwa na bakteria mwingine, Bartonella henselae, ambaye huingia kwa mtu kupitia mkwaruzo wa kucha za paka na kuvimbisha tezi za kwapa au shingo. Mkwaruzo uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka papo hapo, na kiroboto asipasuliwe kwa kucha. Mama alitaja pia papasi kwenye tembe la bibi kule kijijini. Papasi ni suala tofauti na kupe wa paka: hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, huuma usiku, na katika mkoa huu huleta kwa binadamu homa ya papasi, ambayo hurudi kila baada ya siku kadhaa. Anayelala nyumba ya namna hiyo na ana homa ya vipindi aende akapimwe damu, hata kama kipimo cha malaria kimetoka safi.

Siku ya 30 dozi ya mwisho ilitolewa. Kiwango kilikuwa 31, uzito kilo 3.7, fizi za waridi, kitana kilipata kiroboto mmoja. Kutoka kwenye damu kabisa ni jambo jingine. Paka wengi hubaki na bakteria wachache baada ya tiba na huweza kuibua ugonjwa wakati wa msongo, njaa au ugonjwa mwingine, kwa hiyo hatatumika kutoa damu kwa paka mwingine maisha yake yote. Kipimo cha kiwango cha damu kitarudiwa baada ya mwezi mmoja na baada ya mitatu. Paka jike wawili walipimwa siku hiyo: mmoja 34, mwingine 27, huyo wa pili akaandikiwa kurudi baada ya wiki mbili. Dume alipangiwa kuhasiwa Mei, damu ikishakaa juu ya 30 kwa vipimo viwili mfululizo.